Marisau hayaonekani kwenye picha? Anza na mwanga, kamera baadaye

Naandika hii kwa yeyote aliyejaribu kupiga picha ya marisau, zile punje ndogo zinazotoka kwenye ganda la shotigani, yakiwa hewani, au risasi ikitoka mtutuni, akaambulia picha nyeusi au vimistari visivyoeleweka. Mimi nipo Lincoln, Nebraska, Marekani, huku mchezo wa trap (kupiga kwa shotigani visahani vinavyorushwa hewani) wanacheza kuanzia watoto wa sekondari mpaka wazee, na mji wa Aurora alikokulia Harold Edgerton uko kama saa moja na kidogo kwa gari. Edgerton ndo yule profesa wa chuo cha MIT aliyepiga picha ya risasi ikitoboa tofaa mwaka 1964, na pale Aurora wamemjengea kituo ambacho ukiingia unaweza kuchezea mitambo ya fleshi kwa mkono wako. Nilienda nikatoka na swali moja kichwani: huyu mtu alikuwa na kamera za zamani kabisa, filamu, hana skrini ya kuangalia nyuma, sasa mbona yeye alipata na sisi wenye kamera za dola elfu mbili hatupati?

Jibu ni kwamba kamera haihusiki sana. Kinachosimamisha risasi ni mwanga uliowaka kwa muda mfupi sana, na kuwaka kwenye nukta sahihi ya muda. Basi. Karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa chini linaangukia kwenye moja ya hayo mawili, kwa hiyo ukikwama kabla hujafikiria kununua lenzi jiulize kwanza: mwanga wangu umewaka muda gani, na umewaka saa ngapi.

La usalama naliweka mbele kwa sababu sitaki mtu aumie kwa ajili ya picha. Mimi sishiki bunduki, anayepiga ni mzee mmoja wa klabu yetu ambaye ameshika shotigani toka utoto, na pale uwanjani kuna msimamizi. Hakuna mtu anayesogea mbele ya mstari kurekebisha sensa au fleshi mpaka bunduki iwe wazi, tupu, imelazwa mezani na wote tumeiona. Hata kama ni waya mmoja tu umechomoka. Na kama uko nchi nyingine ulizia sheria kwanza, maana kuna sehemu hata bunduki ya upepo inahesabika silaha na inataka kibali.

Haya, tuingie kazini.

Naona vimistari, sioni punje

Hii ndo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na dawa yake ni hesabu ya darasa la saba. Chukua mwendo wa kitu zidisha kwa muda ambao mwanga umewaka, unapata urefu wa mburuzo kwenye picha. Marisau ya trap yanatoka mtutuni kwa kama mita 400 kwa sekunde. Maana yake kwa kila maikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, punje inasogea milimita 0.4. Punje yenyewe ya saizi namba 7½ ina upana wa milimita 2.4 tu.

Sasa weka vifaa vyako kwenye hiyo hesabu. Shata ya 1/8000, ambayo watu wanaiamini sana, ni maikrosekunde 125, punje imeshakimbia sentimita 5. Fleshi ya kawaida ya juu ya kamera ukiiweka nguvu kamili inawaka kama elfu moja ya sekunde, hapo punje imeenda sentimita 40, huoni kitu. Fleshi hiyohiyo ukiishusha mpaka 1/128 ya nguvu yake inawaka kama 1/40,000 ya sekunde, ni maikrosekunde 25, mburuzo unakuwa milimita 10, yaani punje yako ya milimita 2.4 inaonekana kama njiti. Hujakosea popote, umefika mwisho wa uwezo wa hiyo fleshi na hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa.

Ndo maana nashauri mtu aanze na bunduki ya upepo. Kirisasi chake cha milimita 4.5 kinaenda labda mita 170 kwa sekunde, na kwa fleshi ya 1/128 mburuzo ni kama milimita 4, sio safi ila umbo unaliona, na utajifunza mambo mengine yote (triga, yaani kifaa cha kuamsha fleshi, fokasi, giza) bila gharama. Ukishapata picha tano nzuri mfululizo za bunduki ya upepo ndo uhamie kwenye shotigani.

Kwa marisau unahitaji mwanga wa maikrosekunde 1 au pungufu. Siku hizi kuna fleshi za LED zinazoshuka mpaka nusu maikrosekunde, hapo mburuzo ni milimita 0.2 na punje inakaa kama imegandishwa kwenye kioo. Kuna zile za zamani za cheche, Microflash za EG&G, kampuni aliyoianzisha Edgerton na wenzake Germeshausen na Grier, nazo ni kama nusu maikrosekunde, mara mojamoja zinauzwa zilizotumika kutoka maabara. Kuna watu wanajitengenezea wenyewe fleshi ya cheche nyumbani. Nakusihi usifanye hivo kama hujasomea umeme wa volti kubwa, zile kapasita zinatunza maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani na hazikupi nafasi ya pili.

Mitego miwili hapa. Wa kwanza, kwenye maelezo ya fleshi wanaandika muda wa t.5, ambao ni muda mwanga uko juu ya nusu ya kilele chake, lakini mwanga haukatiki hapo, una mkia, na kwa taa kubwa za studio ule muda wa t.1 unaofuata mpaka mwanga ushuke asilimia 10 unaweza kuwa mara tatu ya kilichoandikwa. Punje inaonekana kali upande wa mbele halafu ina ukungu nyuma. Wa pili ni ile sinki ya kasi, HSS (high-speed sync), mpangilio wa fleshi wa kwenda na shata ya kasi. Jina lina neno kasi watu wanadhani ndo yenyewe. Ile fleshi inapigapiga mfululizo ili shata ya kasi ipate mwanga muda wote inapopita, kwa hiyo muda wa mwanga unakuwa mrefu zaidi, kinyume kabisa na unachotaka. Izime.

Picha nyeusi, au ubao wa nyuma upo ila hakuna punje hata moja

Hizi ni dalili mbili tofauti na watu wanazichanganya. Kama picha ni nyeusi tii, fleshi haikuwaka au iliwaka shata ikiwa imefungwa. Kama ubao wa nyuma unaonekana vizuri na hakuna punje, fleshi iliwaka sawasawa ila wakati usio wake, hilo nalieleza kwenye triga.

Kwa ile nyeusi sababu kubwa ni kwamba umeunganisha triga kwenye kamera badala ya fleshi. Kamera ya kawaida toka ipate amri mpaka shata ifunguke inachukua milisekunde 50 mpaka 100. Kwenye milisekunde 50 kitu cha mita 400 kwa sekunde kimeenda mita 20. Shata inafunguka marisau yako yameshapita zamani. Kwa hiyo unafanya kama Edgerton: giza, shata wazi, fleshi ndo inayopiga picha.

Giza ndo linasumbua maana uwanja wetu unafungwa jua likizama. Nilitengeneza boksi la plaiwudi lenye urefu wa mita 1.2, ndani nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa, upande mmoja lenzi inachungulia, na pande mbili kuna matundu mapana yaliyofunikwa karatasi nyeusi ambayo marisau yanaitoboa. Utaratibu wetu: mzee anasema "tayari", nafungua shata sekunde 2, anapiga, shata inafunga. Kwa f/8 na ISO 400 mwanga wa nje unaopenya matundu hausumbui. Karatasi unabadilisha kila mlio, usiwe mvivu, tundu la mlio wa kwanza ni taa kwa mlio wa pili.

Mara yamo, mara hayamo

Hapa ndo nimepoteza maganda mengi kuliko popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanzo nilitumia maiki. Ni rahisi, unaiweka pembeni ya mtutu, mlio unaiamsha, sakiti inahesabu ucheleweshaji halafu inawasha fleshi. Ilifanya kazi vizuri Septemba. Ilipofika Januari nikawa napata marisau nje ya fremu na sikuwa nimegusa chochote. Nikabadilisha betri, nikabadilisha waya, nikaibadilisha mpaka maiki yenyewe. Kumbe baridi. Sauti kwenye nyuzi sifuri inaenda mita 331 kwa sekunde, kwenye nyuzi 35 inaenda mita 352. Maiki ikiwa mita 1 kutoka mtutuni tofauti hiyo ni karibu milisekunde 0.18, na kwa muda huo marisau yanatembea sentimita 7. Fremu yangu yote ilikuwa sentimita 15! Dawa ni kusogeza maiki karibu na mtutu, kwenye sentimita 20 hiyo tofauti inashuka mpaka kama sentimita moja na nusu, au kupima upya ucheleweshaji kila siku unayopiga.

Halafu kuna tatizo la pili ambalo maiki haiwezi kulitatua: ganda na ganda hayafanani. Hata ya boksi moja. Moja linatoka mita 400 kwa sekunde, lingine 390. Kama unachochea fleshi mita 3 kabla ya fremu, hiyo tofauti ya mita 10 inakupa kosa la sentimita 7.5. Ukichochea sentimita 30 kabla ya fremu, kosa linakuwa milimita 7.5 tu. Ukiielewa hii umeelewa nusu ya kazi yote: triga ikae karibu na picha, sio karibu na bunduki.

Ndo nikahamia kwenye foili. Unachukua foili ya aluminiamu ya jikoni vipande viwili, katikati unaweka karatasi moja, unabana kwenye fremu ya mbao, kila foili na waya wake. Punje ya kwanza inapotoboa inagusisha foili zote mbili, sakiti inafungwa, fleshi inawaka. Inagharimu senti kadhaa na ni sahihi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Iweke angalau mita moja na nusu kutoka mtutuni maana gesi ya baruti inatangulia mbele ya marisau na inaweza kuisukuma foili ikagusana kabla ya wakati. Na fleshi za zamani kuwa nazo makini, baadhi zina zaidi ya volti 200 kwenye waya wa sinki (unaounganisha fleshi na kamera), ukiunganisha moja kwa moja na Arduino (kibao kidogo cha kompyuta) unaichoma, weka optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme) katikati.

Wengine wanatumia geti la miale ya infraredi. Kwa risasi moja ya bastola au raifo ni zuri sana, ila kwa marisau lina maudhi yake, maana mwali mmoja mwembamba unaweza kupishana na punje tatu za mbele ukaja kukatwa na ya nne. Na lile geti linasimama kwenye njia ya marisau. La kwanza kabisa nilinunua dukani, lilikuwa na mdomo wa sentimita 10, nikaliweka mita 4, mlio wa pili punje ya pembeni ikaondoka na sensa. Kundi la marisau linapanuka kadiri linavyokwenda, kwa mtutu usiobanwa mdomo ukadirie angalau sentimita 2 na nusu kwa kila mita, halafu mwachie na mpigaji nafasi ya kukosea kidogo.

Ukishaweka triga, usibahatishe ucheleweshaji. Weka rula ndani ya fremu. Piga mlio mmoja kwa ucheleweshaji wa milisekunde 1.00, mwingine kwa 1.20. Kama mbele ya kundi imeonekana kwenye sentimita 4 halafu kwenye sentimita 12, imeenda sentimita 8 kwa milisekunde 0.2, ni mita 400 kwa sekunde, na sasa unajua kila milisekunde 0.1 inasogeza kundi sentimita 4. Kuanzia hapo unaliweka kundi unapotaka. Na badilisha kitu kimoja tu kwa mlio mmoja, andika kwenye daftari. Mtu anayebadilisha ucheleweshaji, apecha na mahali pa maiki kwa pamoja hatajua kamwe nini kilimponya.

Fleshi inawaka mapema, hata kabla bunduki haijalia

Mara nyingi ni jirani. Uwanja una vituo vitano, mtu wa kituo cha tatu akipiga maiki yako inasikia. Punguza usikivu mpaka isikie mtutu wako peke yake, au tumia foili ambayo haina masikio. Kama geti la infraredi ndo linawaka ovyo, jua la mchana linaingia kwenye sensa, likinge kwa kibomba cheusi, na kama linawaka sawia na mlio wakati liko karibu na mtutu basi linaona moto wa baruti, sogeza mbele.

Kwa wanaopiga raifo kuna moja ya kipekee. Risasi ya mita 900 kwa sekunde inaitangulia sauti ya mlio wake yenyewe. Ukiweka maiki mbele, karibu na fremu, inachosikia kwanza sio mlio, ni ule mpasuko wa wimbi linaloburutwa na risasi inapopita. Kwa hiyo ukihesabu ucheleweshaji kama vile sauti imetoka mtutuni hutapata jibu hata kidogo. Ukilijua hilo linakuwa faida: weka maiki makusudi chini ya njia ya risasi, umbali unaopimika, na ule mpasuko ndo triga yako.

Moshi na moto umefunika kila kitu

Ukipiga kwenye mdomo wa mtutu hii lazima. Gesi inatoka na mwendo mkubwa kuliko marisau, kwa hiyo sentimita za kwanza utaona wingu tu, na sio kosa la mtu. Halafu moto wa baruti wenyewe ni mwanga, na shata yako iko wazi, kwa hiyo unajiandika kwenye picha bila kujali fleshi. Funga apecha, f/11 au f/16, sogeza fleshi karibu ili isizidiwe. Au weka ubao mweusi wenye tundu kati ya mtutu na fremu, marisau yapite, moto ubaki upande wa pili. Mimi napenda kusogea mita 1 mpaka 2 mbele, moshi umebaki nyuma na ndo mahali pazuri kuliko pote.

Maana hapo unaona kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau. Ndani ya mtutu kimeyakumbatia yote, kikitoka kinakutana na hewa na vile vibawa vyake vinne vinafunguka nje, kinakatwa mwendo, marisau yanateleza mbele yanakiacha. Kwenye picha yangu ya kwanza safi kilikuwa kimefunguka kama tumba la pamba lililoiva, na mbele yake kundi la punje mia tatu na ushee bado limebanana umbo la silinda, unaziona moja moja mpaka kivuli cha kila moja kwa jirani yake. Mzee alivuta kiti akakaa mbele ya laptopu. Amepiga shotigani zaidi ya miaka 50 na alikuwa hajawahi kukiona.

Kile kikombe lakini hakiendi mbali na hakiendi sawa, kinayumba, kwa hiyo kamera na lenzi ziwe nyuma ya kioo cha polikaboneti hata kama unaona ziko pembeni ya njia.

Punje kali, ila kuna kivuli cha pili hafifu

Fupi: kuna mwanga mwingine. Ama matundu ya boksi, ama mkia wa fleshi, ama sakiti ya triga imewasha mara mbili kwa sababu foili imegusana, ikaachana, ikagusana tena. Kwenye programu ya Arduino iambie ikishawasha mara moja ilale sekunde 3. Imekwisha.

Kila kitu kina ukungu, hata rula

Rula ikiwa na ukungu hilo ni la fokasi, halina uhusiano na mwendo, na ndo maana rula nasema isikosekane. Zima fokasi ya otomatiki, ning'iniza msumari pale kundi litakapopita, fokasi hapo kwa mkono, bandika lenzi kwa selotepu isizunguke. Kama punje za katikati ni kali na za pembeni zina ukungu, kina cha fokasi hakikutoshi, funga apecha au rudi nyuma kidogo na kamera. Na kama rula ni kali na punje zote zina ukungu wa kwenda upande mmoja, rudi kule juu kwenye vimistari.

Nataka mawimbi ya hewa, naona punje tu

Mawimbi yale ya umbo la mshale mbele ya risasi hayaonekani kwa picha ya kawaida kwa sababu sio kitu cha kumulikwa, ni hewa iliyobanwa ambayo inapinda mwanga. Mwaka 1886 Peter Salcher aliyapiga picha huko Fiume, ambayo leo ni Rijeka ya Kroatia, kwa maelekezo ya mwanafizikia Ernst Mach, na walitumia cheche na giza, mambo yaleyale. Njia rahisi kwetu ni ya kivuli aliyoitumia Edgerton: kitambaa kikubwa cha kurudisha mwanga, kama kile cha vizibao vya mafundi wa barabarani, fleshi ndogo kabisa ya nukta karibu na lenzi, risasi ipite katikati. Gary Settles wa chuo kikuu cha Penn State ameipeleka mbali njia hii mpaka kupiga bunduki nzima na mtu aliyeishika.

Inapokataa, angalia haya. Risasi imepita karibu mno na kitambaa: mwanga uliopinda haujapata nafasi ya kuhama, kwa hiyo hakuna mstari, iweke katikati ya kamera na kitambaa. Chanzo cha mwanga ni kipana: mistari inafutika, kizibe ubakize kitundu cha milimita 1 au 2. Kivuli kimekuwa kiwili: fleshi iko mbali na mhimili wa lenzi, isogeze. Fokasi inawekwa kwenye kitambaa, sio kwenye risasi.

Au umeenda mbali mno na bunduki. Punje ndogo zinapungua mwendo haraka sana, kufika mita 15 zimeshashuka chini ya mwendo wa sauti, hapo hakuna wimbi la kupiga picha hata ukeshe. Kaa ndani ya mita 3 za kwanza. Na ukishalipata pima pembe yake, kwa punje ya mita 400 kila upande wa wimbi unalala kama nyuzi 59 kutoka kwenye njia yake, kwa raifo ya mita 900 ni kama nyuzi 22, limechongoka kama ncha ya mkuki. Yaani picha yenyewe inakusomea mwendo bila kifaa kingine chochote.

Video ya kasi inanichanganya

Kwa wenye bahati ya kuazima kamera kama Phantom: idadi ya fremu na muda wa fremu ni vitu viwili. Fremu 20,000 kwa sekunde inamaanisha marisau yanaruka sentimita 2 kati ya fremu na fremu, lakini kama kila fremu imekaa wazi maikrosekunde 50 mburuzo ni sentimita 2 vilevile. Shusha muda wa fremu mpaka maikrosekunde 1 na uongeze taa, taa nyingi kuliko unavyodhani, au piga kinyume na jua kali. Taa za umeme wa nyumbani zinapepesa, kwa macho huoni ila kwa video fremu moja inang'aa nyingine giza, tumia LED za umeme wa betri. Simu, hata ile ya fremu 960, haitakupa punje, na sensa yake inasoma mstari kwa mstari kwa hiyo chochote kinachokatiza kwa kasi kinalala upande.

Punje sio duara

Hii niliihangaikia wiki tatu. Picha kali, rula kali, mburuzo hakuna, ila baadhi ya punje zimebonyea upande mmoja kama maharage. Nikabadilisha lenzi nikidhani inapinda. Nikageuza kamera digrii 90, ubonyefu haukugeuka pamoja na kamera, ulibaki kwa punje zilezile za nyuma ya kundi. Hapo ndo nikaelewa kwamba picha iko sawa. Risasi, yaani ile metali (lead) iliyotengeneza punje, ni laini, baruti inaposukuma, punje za chini zinabeba uzito wa zote zilizo juu yake, zinabonyea humohumo kwenye ganda kabla hata hazijaona mtutu. Na punje iliyobonyea inakamatwa na hewa zaidi, inachelewa, inatoka kwenye kundi.

Mzee alileta boksi lingine la maganda yenye punje ngumu zaidi, zilizochanganywa antimoni nyingi. Tukapiga kumi ya lile na kumi ya hili, triga ileile, ucheleweshaji uleule. Nikazipanga picha mbilimbili kwenye skrini, akawa anahesabu zilizobonyea kwa ncha ya kalamu, kimya, mpaka mkewe alipopiga simu kuuliza kama anakuja kula.